Njaa isiyoisha baada ya ugali wa muhogo

Mama wa Newala, umeuliza kwa nini binti yako wa miaka 14, mwenye kisukari aina ya kwanza, humaliza ugali wa muhogo na saa moja baadaye analalamika njaa. Tafadhali msimwite mlafi, inaumiza.

Seli za kongosho zilizoharibika zilikuwa zikitoa insulini pamoja na homoni nyingine, amilini. Hiyo huchelewesha chakula kutoka tumboni na kuujulisha ubongo kwamba mtu ameshiba. Sindano hurudisha insulini peke yake.

Njaa ikija, pimeni kwanza sukari ya damu. Chini ya 4 (mmol/L), sukari imeshuka: mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Juu ya 14, damu imejaa sukari lakini seli hazipati, kwa hiyo mwili unadai chakula. Hapo pima kwenye mkojo ketoni, yaani kemikali ambazo mwili hutoa unapochoma mafuta kwa kukosa insulini. Zikionekana, au akitapika, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Angalieni pia muda. Insulini ya muda mfupi iitwayo “regular”, ile angavu, huchomwa dakika 30 kabla ya kula. Wengi huchoma sahani ikiwa tayari mkekani, na sukari ya muhogo inaitangulia.

Kipimo kikiwa sawa na njaa bado ipo, aanze na samaki, mbaazi na mboga, ugali ufuate. Protini na nyuzinyuzi huamsha homoni za shibe za utumbo mapema. Dozi msibadilishe bila daktari wake.