Maswali ya wasomaji: Dawa ya chenga, kumwaga au kuzika?

SWALI: Asalaam aleikum. Mie nalima mpunga bonde la Bumbwisudi. Nlimwaga dawa ya chenga, ile ya wadudu ya punjepunje, majini, na bado naona moyo mkavu, ukivuta jani la kati latoka lenyewe. Jirani yangu dawa ile ile yeye kaizika kwenye mashina na wake mzima. Kwa nini? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Waaleikum salaam. Jirani kakushinda kwa njia, si kwa dawa. Huo moyo mkavu ni kazi ya kiwavi mtoboa bua, na akishatoboa yumo ndani, humpati kwa dawa ya kugusa, mpaka mpunga wenyewe uinyonye dawa kwa mizizi ipande juu pamoja na maji. Sasa ukiimwaga inaenea jaruba zima, nyingine yatoka na mfereji, nyingine yaharibika kabla haijafika mizizini. Karbofurani kwa mfano, mojawapo ya dawa hizi za chenga, kwenye maji ya pH 7 (kipimo cha uchachu; 7 ni katikati, juu yake ni maji ya magadi) hukaa wiki kadhaa ndo ipungue nusu, lakini pH 9 ni masaa tu, na jaruba lenye koga la kijani, jua la mchana likiwaka, pH yake yaweza kupanda huko huko 9. Loo, hasara!

Ukiizika sentimita 3 hivi ndani ya tope iko jirani na mizizi, yanyonywa kidogo kidogo. Watafiti wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga kule Ufilipino, walilijaribu hilo miaka ya 1970, wakatia dawa kwenye madonge ya tope wakayazika, na ulinzi ukadumu zaidi kuliko kumwaga. Kupuliza nako, dawa nyingi za aina hii zikiingia kwenye jani huelekea ncha, hazishuki, kwa hiyo chini ya bua anakokaa mdudu hufika kidogo.

Kuzika shina kwa shina ni kazi, sikufichi, jaruba kubwa utakoma. Basi ukimwaga, acha maji machache, ziba kingo, usifungulie siku kadhaa, wala usimwage mvua ikinukia. Na vaa glovu jamani! Karbofurani yaua ndege na samaki, tangu 2017 imo kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam, ule wa nchi kuhusu biashara ya kemikali hatari, so bata wako wafungie.

Bua lililokwishakauka halirudi, ila mpunga mchanga hutoa machipukizi mengine ukafidia. Usirudie dawa kwa hasira, pasua kwanza mabua mawili matatu, ukikuta mdudu kashakuwa bundo (katulia hali tena, angoja kugeuka nondo) dawa hiyo waitupa bure.