Maswali ya Wasomaji: Plastiki Baharini na Wajibu wa Aliye Mbali na Pwani

SWALI: Mhariri, ninaishi mbali sana na pwani na sijawahi kutupa chochote baharini. Hata hivyo, kila makala inayozungumzia plastiki baharini hunitaja mimi mtumiaji kana kwamba ndiye mkosaji mkuu. Je, ni kweli taka zangu hufika huko, au tunabebeshwa mzigo wa wenye viwanda?

JIBU: Yote mawili yana ukweli ndani yake. Makadirio yanayonukuliwa sana, yaliyochapishwa mwaka 2015, yanaonyesha kwamba mwaka 2010 kati ya tani milioni 4.8 na tani milioni 12.7 za plastiki ziliingia baharini kutoka nchi kavu. Wanaoyanukuu husahau kutaja kwamba watafiti walihesabu taka za watu wanaoishi ndani ya kilomita 50 kutoka pwani, katika nchi 192, kwa hiyo wewe hukuwamo katika hesabu hiyo. Hilo halikuondolei wajibu. Mfuko mwepesi hupeperushwa na upepo kutoka kwenye pipa lililofurika, mvua huusukuma mtaroni, mtaro humwaga kwenye kijito, na kijito huingia mtoni. Humo plastiki nyingi hunasa kwenye mizizi, matope na mabwawa, ikaweza kukaa miaka mingi bila kusogea, hadi mafuriko yatakapokuja kuizoa.

Ndiyo maana nasema kwamba nguvu ya mtu mmoja iko kabla ya mtaro, wala si ufukweni. Funga vizuri mdomo wa mfuko wa taka, na usiuache nje usiku kucha ukisubiri gari la taka, kwa sababu wanyama wataurarua. Ukikuta pipa limejaa pomoni, ondoka na chupa yako. Kuiegemeza kando ya pipa hakuna tofauti na kuitupa. Wavutaji sigara nao wajue kwamba kichungi, ingawa kinaonekana kama pamba, kimetengenezwa kwa selulosi asetati, ambayo ni aina ya plastiki, na kipisi kimoja hupenya bila shida katika matundu ya mfuniko wa mtaro.

Plastiki ikishafika baharini, kuitoa ni kazi ngumu kuliko picha za magazetini zinavyodokeza. Watu husimuliana habari za kisiwa cha taka kilichopo katika Bahari ya Pasifiki, kati ya California na Hawaii. Hakuna kisiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba eneo hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba milioni 1.6 na tani zipatazo 79,000 za plastiki. Ukigawanya, unapata takriban kilo 50 kwa kila kilomita ya mraba, na vipande vilivyo vingi ni vidogo mno, kiasi kwamba chombo kinaweza kupita katikati yake bila mabaharia kuona jambo la ajabu. Jua na mawimbi huivunjavunja plastiki iliyo juu ya maji ikawa chembechembe, lakini kuvunjika huko si kuoza. Iliyozama kwenye giza na baridi ya kilindini hubadilika polepole zaidi.

Kuhusu lawama, utafiti huohuo wa 2018 ulibaini kwamba angalau asilimia 46 ya uzito wa taka za eneo lile ilikuwa nyavu za uvuvi, na hizo hazikutoka jikoni kwako. Wala si wewe uliyeamua kwamba bidhaa ya kutumia mara moja ifungwe katika pakiti yenye tabaka za plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja, ambazo karibu hakuna kiwanda kinachoweza kuzitenganisha. Mwezi Machi 2022, mataifa yalikubaliana jijini Nairobi kuanza kuandaa mkataba wa kimataifa utakaobana plastiki tangu inapotengenezwa. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yalimalizika bila mwafaka. Kumdai mwakilishi wako aeleze msimamo wa serikali katika jambo hilo ni sehemu ya wajibu binafsi, na kwa maoni yangu kuna uzito kuliko kukataa mrija.

SWALI: Kila chupa na kopo la plastiki ninalotumia nalipeleka kwenye urejelezaji. Je, nimemaliza kazi yangu?

JIBU: Hapana. Kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi mwaka 2015, asilimia 9 tu ndizo zilizorejelezwa. Namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya kopo hutaja aina ya plastiki tu, haiahidi kwamba kuna mtu atakayeipokea. Chupa zenye namba 1 na 2 ndizo zenye soko la uhakika zaidi. Ziendelee kwenda huko zikiwa safi. Zilizobaki, jiulize kwanza kama ulizihitaji.

SWALI: Nimeanza kununua mifuko iliyoandikwa kwamba inaoza yenyewe. Rafiki yangu ananiambia ninadanganywa na kwamba nitumie ya kitambaa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Rafiki yako yuko karibu zaidi na ukweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, waliizika mifuko ya aina mbalimbali ardhini na mingine wakaizamisha baharini. Baada ya miaka mitatu, mfuko uliodaiwa kuoza ulikuwa bado unaweza kubeba bidhaa za dukani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Ule uliotengenezwa ili uweze kugeuka mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, lakini ardhini ulikuwa bado upo hata baada ya miezi 27.

Hata hivyo, kitambaa nacho kina gharama yake, kwa kuwa pamba hunywa maji mengi na huhitaji mbolea. Tathmini iliyotolewa na mamlaka ya mazingira ya Denmark mwaka 2018 ilionyesha kwamba mfuko wa pamba sharti utumike walau mara 52 ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki kwa athari za tabianchi pekee. Mfuko bora ni ule ulio nao tayari, hata kama ni wa plastiki, mradi unautumia mpaka uchanike.

SWALI: Je, kuna plastiki inayotoka nyumbani bila mimi kujua?

JIBU: Nguo. Poliesta, nailoni na akriliki ni plastiki, na kila zinapofuliwa hupukutisha nyuzi nyembamba ambazo hupita pamoja na maji machafu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilikadiria kwamba kilo sita za nguo za akriliki zinaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000 kwa kufuliwa mara moja. Fua nguo hizo zinapokuwa chafu kweli, tumia maji baridi, na kama unatumia mashine, ijaze. Manyoya ya nguo yanayonasa kwenye chujio la mashine yabanduliwe kwa mkono na kutiwa kwenye pipa la taka. Ukiyasuuza kwenye sinki, umeyarudisha kwenye njia ileile.