Maswali Yenu: Matofali Hayamzuii Nyoka

SWALI: Nina nyoka wa nyumba wa kahawia, urefu sentimita 80, na kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) ninacho. Anakaa kwenye tangi la kioo lenye mfuniko wa wavu, nao nimeukandamiza kwa matofali mawili. Ametoroka mara mbili na sasa pua imechubuka. Kwa baridi hii ya Julai, nimwekee balbu ndani? – Msomaji, Umoja

JIBU: Matofali yaondoe. Uzito wake uko katikati, ilhali nyoka husukuma kwenye kona. Wavu ukipinda kidogo tu, anapata pa kupenyeza kichwa, na kichwa kikipita mwili haubaki. Mpelekee fundi wa alumini vipimo vya tangi akutengenezee fremu inayoshika ukingo, yenye komeo nne, mbili kila upande mrefu. Badala ya wavu wa waya, aweke bati laini lenye matundu ya milimita 3. Waya ndio unaomchubua pua. Tundu la kupitishia waya wa stima husahaulika sana. Lizibe kwa silikoni, na usimrudishe nyoka mpaka ile harufu ya siki iishe kabisa.

Ila mfuniko peke yake hautamtuliza. Nyoka asiye na maficho hahangaiki bure. Weka vibanda viwili vya kumbana mwili, kimoja upande wa joto na kingine upande wa baridi. Akipewa kimoja tu, itabidi achague joto au usalama. Ziba pia pande tatu za kioo kwa kadibodi.

Balbu ndani, hapana. Atajizungushia hapo na kuungua kabla hajashtuka. Tumia pedi ya joto, iwe nje chini ya tangi, ienee theluthi moja ya sakafu, na isiwashwe kamwe bila thamostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto. Upande wa joto uwe nyuzi 30 hivi, wa pili 24. Kihisio cha thamostati, kinachopima joto, kibandike kati ya pedi na kioo: kikiwa ndani, akikisogeza au maji yakimwagikia, thamostati itadhani kuna baridi na pedi itazidi kuchoma. Tangi liinue kwa vipande vya mpira ili joto lisijikusanye chini.

Stima ikipotea, funika tangi kwa blanketi ukiacha upenyo wa hewa, na usimlishe. Panya hasagiki tumboni bila joto, atamtapika.

Pua ikivimba au ikitoa usaha, mwone daktari wa mifugo anayetibu nyoka.