Karatasi ya majibu inasema uko kawaida, ila una stenti: soma hii kwanza

Miezi mitatu baada ya kuwekewa stenti, kile kibomba kidogo cha waya kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi, nilitoka lab na furaha kabisa, maana karatasi yangu yote haikuwa na nyota hata moja, hakuna alama ya kuonyesha kitu kimepanda au kimeshuka, LDL, ile kolesteroli wanayoiita mbaya, ilikuwa 2.9 na pembeni wameandika kiwango cha kawaida chini ya 3.4. Nikampigia dada yangu pale pale nikamwambia nimepona. Nikaingia kwa daktari, nikaiweka ile karatasi mezani, akaisoma kimya, alafu akachukua kalamu akaikata ile 3.4 na pembeni yake akaandika 1.4. Akasema, "Mama, hiki kiwango walichochapa hapa ni cha mtu ambaye moyo wake haujawahi kuumia. Cha kwako ni hiki."

Kiukweli niliumia. Ila ndo siku nilianza kuelewa majibu yangu ya damu, na ndo maana naandika, kwa sababu kila wiki naongea na mtu ambaye ameshapata mshtuko wa moyo au ana stenti na bado anajipima kwa vile viwango vya pembeni ya karatasi. Mimi sio daktari, ni mgonjwa mwenye daftari, kwa hiyo chukua haya uende nayo kwa daktari wako.

Vile viwango vya pembeni vimewekwa kwa ajili ya watu kwa ujumla. Mtu ambaye tayari mafuta yameshajijenga kwenye kuta za mishipa ya moyo yuko kundi lingine, na madaktari wa moyo wa Ulaya tangu 2019 wanalenga LDL iwe chini ya 1.4, yaani 55 kwa lab zinazotumia miligramu, na pia iwe imeshuka angalau nusu ya pale ilipoanzia kabla ya dawa. Marekani nao kwa muda mrefu walitumia mstari wa 70 kwa miligramu, ukiwa juu ya hapo daktari anafikiria kuongeza dawa. Sasa usichukue 1.4 yangu ukaifanya yako moja kwa moja, muulize daktari "mimi lengo langu la LDL ni ngapi?" na aiandike. Swali hilo moja limenisaidia kuliko mengine yote niliyowahi kuuliza kliniki.

Na hii ya kushusha LDL haijatoka hewani. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi za Skandinavia, watu 4,444 ambao wote walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo tayari, nusu wakapewa simvastatini, moja ya zile dawa za kushusha kolesteroli zinazoitwa statini, na nusu vidonge visivyo na dawa, na kwa waliopewa dawa vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Watu kama sisi kabisa. Nikikumbuka hiyo namba nameza kidonge changu hata siku ambayo sijisikii.

Mimi dozi ya statini iliongezwa ila LDL ikagoma, ikashuka kidogo tu, nikadhani mwili wangu una shida. Kumbe ndo inavyokuwa, ukiongeza dozi ya statini mara mbili unapata kama asilimia 6 hivi ya ziada, sio zaidi. Ndo daktari akaongeza ezetimibe, hii inazuia kolesteroli isifyonzwe kwenye utumbo, na mbili zikifanya kazi pamoja ndo namba ikaanza kuteremka. Kwa hiyo ukiona umeongezewa kidonge cha pili usifikiri umezidiwa.

Sasa kuna siku nilipata hofu ya bure ambayo nataka ikupite. Nilibadilisha lab, majibu ya mwanzo LDL ilikuwa 2.1, ya lab mpya ikaandikwa 81. Nilikaa kwenye ngazi za nje ile karatasi iko mapajani mikono inatetemeka, nawaza kutoka 2 mpaka 81 hii damu si imekuwa mafuta matupu. Kumbe ni kitu kilekile. Lab moja inaandika milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, ukitaka kuhamisha kolesteroli unagawa namba ya miligramu kwa 38.67, na 81 ukigawa inakuja 2.1 ileile. Triglisaraidi, yale mafuta mengine ya kwenye damu, zina kigawanyo chao, 88.6, usichanganye. Tangu siku hiyo kwenye daftari langu siandiki namba bila kipimo chake, na pembeni naandika tarehe, dawa nilizokuwa natumia na dozi, na kama nilikuwa naumwa kitu kingine siku hiyo.

Hilo la kuumwa sio dogo. Nilipimwa CRP, protini ya kwenye damu, kile kipimo nyeti ambacho kinaonyesha uvimbe wa ndani kwa ndani (inflammation, sio donge), ikaja 14. Kwa habari za moyo chini ya 1 ni nzuri, 1 mpaka 3 ni katikati, zaidi ya 3 hatari inapanda, sasa mi nina 14! Sikulala. Daktari hakuuliza habari za moyo kabisa, akauliza "kuna kitu kinakuuma?" nikamwambia jino, lina usaha wiki nzima. Akasema likitibiwa turudie baada ya wiki kadhaa, tukarudia ikaja 1.8. CRP ikipita 10 mara nyingi inaongelea maambukizi au uvimbe mahali pengine, haiwezi kukuambia ni jino au ni mshipa. Ila usiidharau, maana mwaka 2017 kuna utafiti wa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, walipewa dawa ya kanakinumabu ambayo inashusha uvimbe bila kugusa LDL, na mshtuko wa pili ukapungua. Dawa yenyewe haikuingia kwenye matumizi ya kila siku ya moyo, pamoja na mengine iliongeza vifo vya maambukizi, lakini ilionyesha wazi kwamba uvimbe una mchango wake hata kama mafuta yameshuka.

Kipimo ambacho nasikitika sikukijua mapema ni lipoproteini a, wanaandika Lp(a). Iligunduliwa mwaka 1963 na Kåre Berg wa Norway, kwa hiyo sio kitu kipya, na bado mimi nilikipima baada ya mshtuko. Ni kama LDL ila ina protini nyingine imejishikiza juu yake, na kiwango chake kinaamuliwa na jeni, umezaliwa nacho, kula vizuri na mazoezi haviigusi sana na statini haziishushi. Karibu mtu 1 kati ya 5 anayo juu. Mstari unaotumika sana ni 50 kwa miligramu au 125 kwa nanomoli, na hapa usijaribu kugawa kama kolesteroli, vipimo hivi viwili havibadilishwi kwa hesabu moja ya uhakika. Yangu ilikuja 190 nanomoli. Nilivyoambiwa nililia, sio kwa ajili yangu, nililia kwa sababu nilijua maana yake kwa wadogo zangu na wanangu, kwani mzazi mwenye nayo juu kila mtoto ana nafasi kama nusu kwa nusu. Uzuri ni kwamba kwa wengi inapimwa mara moja tu maishani inatosha. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anasema yeye ni mzima, anakimbia kila asubuhi, akapima akakuta nayo iko juu, na LDL yake ambayo alikuwa anaiacha ikae tu sasa inatibiwa kabla moyo haujaumia. Kama umepata ugonjwa huu mapema kwenye maisha, tafadhali ongea na ndugu zako wa damu. Usione aibu.

ApoB nayo uliza kama inapatikana, hasa kama una kisukari, kitambi au triglisaraidi ziko juu. LDL inakuambia uzito wa mzigo wa kolesteroli, ApoB inahesabu magunia, kwa sababu kila chembe inayoweza kuingia kwenye ukuta wa mshipa imebeba protini moja tu ya ApoB. Mzigo uleule unaweza kubebwa na magunia makubwa machache au madogo mengi, na kinachoumiza mshipa zaidi ni wingi wa magunia yanayougonga. Alafu jua kwamba kwenye lab nyingi LDL haipimwi moja kwa moja, inapigwa hesabu kutoka kwenye kolesteroli yote, HDL na triglisaraidi, na ile hesabu ya zamani triglisaraidi zikipita 4.5 kwa milimoli haiaminiki tena.

HDL, yale wanayoyaita mafuta mazuri, nisingependa yakudanganye. Nimeona watu wana LDL juu wanajifariji eti HDL yangu iko vizuri. Kulikuwa na dawa ya kupandisha HDL, torsetrapibu, ilipandisha kwelikweli, na mwaka 2006 utafiti ukasimamishwa kwa sababu waliokuwa wanaitumia walikufa zaidi.

HbA1c, inayoonyesha sukari ya wastani wa kama miezi mitatu, na kreatinini ya figo pima pia kama daktari anavyokupangia, sukari na figo zikiharibika mishipa ya moyo inaumia nazo. Sina mengi hapo.

Troponini ndo nataka nikae nayo kidogo, maana iliokoa maisha yangu na ilikaribia kunipita. Ni protini ya ndani ya msuli wa moyo, msuli ukiumia inavuja kwenye damu, ila inachukua muda. Mimi nilifika emajensi kama saa moja tu tangu kifua kianze kubana, kipimo cha kwanza kikaja chini, nikaanza kuvaa viatu nirudi nyumbani. Sista akaniwekea mkono begani akasema "mama, kaa, tunarudia baada ya masaa matatu". Ya pili ikawa imepanda. Kipimo kimoja cha mapema kikiwa kizuri bado sio ruhusa ya kuondoka, wanatafuta kama inapanda au imetulia. Na kama unatumia vidonge vya nywele na kucha, vingi vina bayotini, aina ya vitamini, dozi kubwa, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu, maana kwa baadhi ya mashine inaweza kuishusha troponini kwa uongo, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Mimi nilikuwa navitumia, nimeacha.

Na tafadhali, kifua kikibana, jasho la baridi, maumivu yanapanda kwenye taya au mkono, usiende lab kupima kolesteroli. Nenda emajensi. LDL nzuri haisemi mshipa uko wazi, hakuna kipimo cha damu kinachoona pale ulipoziba.

Kitu kingine, nilikuwa na tabia ya kujibana wiki mbili kabla ya kipimo, sili mafuta kabisa, natembea asubuhi na jioni, ili namba zitoke nzuri daktari afurahi. Niliacha siku nilipogundua daktari anapanga dozi kwa kutumia maisha ambayo siishi. Siku hizi naenda jinsi nilivyo. Pia kipimo cha mafuta kilichochukuliwa nikiwa wodini siku ya nne baada ya mshtuko nimekiwekea alama kwenye daftari, kwa sababu LDL inaweza kushuka yenyewe siku hizo mwili ukiwa kwenye msukosuko.

LDL yangu ya mwisho ilikuwa 1.3. Dozi imeguswa tena kidogo mwezi uliopita, kwa hiyo narudia kipimo cha mafuta ya damu kwenye wiki ya nane, pamoja na cha ini, na cha misuli pia kama haya maumivu ya mapaja niliyonayo yataendelea. Nimeshayaandika kwenye daftari, tarehe yalipoanza na upande yanapouma zaidi, ili siku hiyo nisisahau kusema.