Seli elfu kumi, watu sita

Mdogo wangu unayeanza kuchambua data za vinasaba, kabla hujawasha kompyuta nenda Kibirizi, mwalo wa samaki wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, alfajiri. Mama anayetafuta dagaa wa kukausha haangalii mtumbwi mmoja akasema amelijua ziwa. Anachota kiganjani hapa, ananusa, anahamia mtumbwi wa pili, wa tatu. Dagaa wa mtumbwi mmoja wametoka wavu mmoja, taa zilezile, usiku uleule. Wahesabu hata elfu, umeona mvuo mmoja.

Mimi nimekulia Ujiji na bado hilo lilinipita. Data yangu ya kwanza ya seli mojamoja, yaani inayohesabu shughuli za jeni ndani ya kila seli peke yake, ilikuwa na seli zaidi ya elfu kumi, za watu sita: wagonjwa watatu, wazima watatu. Nikalinganisha seli za wagonjwa na za wazima, kila seli nikiihesabu kama shahidi wake. Jeni zenye tofauti zikaja kwa mamia, thamani za p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu) ndogo hadi kompyuta ikaandika sifuri. Nikapiga simu nyumbani kujisifu! Msimamizi wangu aliuliza moja tu: "Una watu wangapi?"

Seli za mtu mmoja ni ndugu. Zinafanana kwa mambo yasiyohusu ugonjwa: umri wake, dawa anazomeza, muda damu iliokaa kabla ya kufika maabara. Kwa hiyo chukua kila aina ya seli, jumlisha hesabu za kila jeni kwa kila mtu, upate safu sita badala ya elfu kumi, kisha tumia modeli ya takwimu inayofaa data za kuhesabu, kama binomia hasi. Nilipofanya hivyo zikabaki jeni za kuhesabu kwa vidole. Na hizo nazo zikatia shaka: kumbe wagonjwa wote walipimwa Jumatatu, wazima wote Alhamisi. Hapo hakuna programu ya kukuokoa. Siku na ugonjwa vimeshikana. Wagonjwa na wazima wachanganye katika kila siku ya kupima, tangu maabara.

La kupima jeni nyingi kwa mpigo ni fupi. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini. Ukikubali kila jeni yenye p chini ya 0.05, hata pasipo na tofauti yoyote utaokota kama 1,000 za bahati. Wanaopekua jenomu nzima, yaani DNA yote, hutumia 0.00000005, yaani 0.05 kugawa kwa vipimo kama milioni moja.

Halafu chora vijenzi vikuu (PCA), mchoro unaoweka karibu sampuli zinazofanana, mapema. Dagaa na lumbu, samaki wadogo jamaa ya dagaa, wa Tanganyika walipochunguzwa jenomu, makundi hayakufuata sana mahali walikovuliwa. Mengine yalikuwa madume na majike tu. Siku hizi nikiletewa data, naulizia kwanza safu ya jinsia na tarehe ya maabara. Mara nyingi haipo, tunaanza kupiga simu.