Mtoto akikosa siku moja, hela ya vocha inaenda wapi? Maswali yenu

Wiki hii nimeweka pembeni barua za mapenzi, mtanisamehe, maana kuna rundo la barua kutoka kwa kina mama na kina dada walioko Marekani wanaolea watoto wa wengine nyumbani kwao na wanalipwa na serikali kwa vocha, yani msaada wa kumlipia mzazi mwenye kipato kidogo malezi ya mtoto. Wengi wanalia kitu kimoja. Mi nimefanya kazi hiyo miaka kadhaa kabla mgongo haujagoma, kwa hiyo najibu kama mtu aliyebadilisha nepi nyingi, mwanasheria si mimi.

SWALI: Shikamoo dada. Nina leseni ya kulea watoto nyumbani, ninao sita, wanne wanalipiwa na serikali. Mwezi uliopita wawili waliumwa homa wakakaa kwao zaidi ya wiki, malipo yalipokuja yamekatwa, nimepiga simu naambiwa hujalea mtoto hulipwi. Na hayo malipo yenyewe yamekuja wiki ya sita! Mi kodi ya nyumba nalipa mtoto awepo asiwepo. Hii ndo sheria au wananionea? – Mama Watoto Sita

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Kabla hujagombana na mtu ujue kwanza hela inatoka wapi. Serikali kuu kule Washington inatoa fungu la malezi ya watoto linaitwa Child Care and Development Fund, ofisini wanaliita CCDF, limetokana na sheria ya 1990 iliyokuja kufumuliwa upya 2014. Hela inagawiwa majimbo, jimbo linaongezea ya kwake halafu lenyewe ndo linapanga nani alipwe, kiasi gani na lini. Ndo maana shoga yako wa jimbo la pili anakupa ushauri mzuri kabisa, ukifika ofisini kwenu wanakushangaa.

Sasa kukatwa. Mlezi analipwa kwa njia mbili: kwa mahudhurio, yani siku mtoto alizokuja, au kwa uandikishwaji, yani nafasi aliyoshika. Mzazi anayelipa kutoka mfukoni analipia nafasi, hata ada ya shule hairudishwi mtoto akiumwa. Lakini serikali kwa miaka mingi imependa kulipa kwa siku, na hapo hasara ya homa ya mtoto inakuangukia wewe ambaye hukumwambukiza, na nafasi yake huwezi kumpa mwingine maana Jumatatu anarudi.

Kanuni za serikali kuu za 2016 zilijaribu kupunguza hilo. Zilisema jimbo lichague: lilipe kwa uandikishwaji, au lilipe kamili mtoto akihudhuria walau asilimia 85 ya muda aliopangiwa, au lilipe kamili akikosa siku zisizozidi tano kwa mwezi, au lije na njia yake lakini lijieleze. Na kama halilipi mapema, basi malipo yatoke ndani ya siku 21 tangu lipokee invoisi iliyokamilika. Kanuni ya 2024 ikaenda mbele zaidi, ikataka malipo yafuate uandikishwaji na yatoke kabla ya huduma kama wanavyolipa wazazi wengine, ila majimbo mengi yaliomba muda na upepo wa siasa nao ukageuka, kwa hiyo usiende kuipiga hiyo mezani. Nenda na mpango wa jimbo lako. Kila jimbo linaandika mpango wa miaka mitatu na kuupeleka Washington, ni waraka wa wazi uko mtandaoni, tafuta sehemu ya malipo ya watoa huduma uone wenyewe walichagua nini kuhusu siku za kukosa. Mi nilipousoma wa kwetu nikakuta kumbe siku kadhaa walizonikata nilistahili kulipwa, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

Halafu angalia hilo neno "iliyokamilika". Saini moja ya mzazi ikikosekana, au saa ya kuondoka haijaandikwa, invoisi haijakamilika na zile siku 21 hazijaanza hata kuhesabiwa. Piga picha kila karatasi kabla hujaituma, na kama mnatumia mashine ambayo mzazi anabonyeza namba akileta na kuchukua mtoto, kagua kila Ijumaa wakati mzazi bado anakumbuka alivyosahau kubonyeza Jumanne.

SWALI: Dada mi natoza dola 200 kwa wiki, vocha inalipa 160. Nani kapanga hiyo 160? Naweza kumdai mzazi hiyo 40? – Nisiyelala

JIBU: Imepangwa na kitu kinaitwa utafiti wa bei za soko. Jimbo linatakiwa kila miaka mitatu liulize walezi wanatoza ngapi (au litumie njia nyingine iliyokubaliwa), halafu ndo linaweka viwango. Serikali kuu imekuwa ikipendekeza kiwango kifike asilimia 75, maana yake ukizipanga bei zote kuanzia ndogo hadi kubwa, ukomee pale ambapo robo tatu ya nafasi zinanunulika. Ni pendekezo tu, majimbo mengi yako chini ya hapo, na mengine yanatumia bei za utafiti wa zamani wakati dukani vitu vimeshapanda.

Lakini kinachoniuma mi ni kingine. Utafiti unauliza unatoza ngapi, hauulizi kulea kunakugharimu ngapi. Kwenye mtaa wa watu wenye kipato kidogo mlezi anatoza kile ambacho mzazi anaweza kutoa, yeye mwenyewe anajinyima, hajilipi mshahara, halafu jimbo linakuja linaona bei ni ndogo linasema aa kumbe huku malezi ni rahisi, linaweka kiwango kidogo, na mwaka ujao anaendelea kujinyima. Kuna majimbo yameanza kupiga hesabu ya gharama yenyewe badala ya bei, na mi nadhani hao ndo wako sawa.

Hapo hapo nikupe tahadhari, majimbo mengi yanakulipa kile kidogo kati ya kiwango chao na bei unayotoza wengine. Ukimwonea huruma jirani ukamtoza 140, ofisi ikiona inaweza kusema basi bei yako ni 140. Andika bei yako rasmi, na huruma iandike kama punguzo lenye sababu, halafu uulize kwanza jimbo lako linayachukuliaje mapunguzo.

Ile 40: inategemea jimbo, kuna yanayoruhusu na kuna yanayokataza kabisa. Ule mchango wa mzazi, yani kiasi ambacho ofisi imempangia atoe mwenyewe mfukoni, ni kitu kingine, huo anatakiwa akulipe na ukiacha kuudai umejipunja mwenyewe.

SWALI: Mimi ni mama mdogo wa mtoto, naishi kwangu. Dada yangu kapata vocha. Naweza kulipwa mimi badala ya mtu baki? – Mama Mdogo

JIBU: Sehemu nyingi ndiyo. Sheria ya serikali kuu inawatambua bibi na babu, wazazi wao, shangazi, mama mdogo na mkubwa, wajomba na kina baba wadogo na wakubwa, pamoja na kaka au dada wa mtoto anayeishi nyumba nyingine. Uwe umetimiza miaka 18 na undugu uwe wa damu, wa ndoa au wa amri ya mahakama. Jimbo linaweza kukusamehe baadhi ya masharti ya ukaguzi, ila kiwango chako kwa kawaida kinakuwa chini ya cha mwenye leseni.

Nawaambia na wengine wanaosoma hapa: sisi kwetu kila mtu ni ndugu, binamu ni dada, shoga wa mama ni mama mdogo. Fomu haijui hayo. Binamu wa mama ukimwandika ni mama mdogo wake mtoto, umeandika uongo kwenye karatasi ya serikali. Binamu anaweza kulea na kulipwa kwa njia nyingine, lakini atapitia ukaguzi wote, alama za vidole na mafunzo ya usalama.

SWALI: Mzazi mmoja ananiomba nimwandikie mtoto kaja siku zote ili tugawane hela. Nisiposaini anasema atamhamisha. – Njia Panda

JIBU: Amhamishe. Jina litakalokuwa kwenye daftari ni lako, utarudishishwa hela, utafungiwa na kesi juu.

SWALI: Kazini nimepunguziwa masaa, nitapoteza vocha? – Baba Mapacha

JIBU: Si lazima kaka. Tangu 2014 ukishakubaliwa unapewa walau miezi 12, na masaa kupungua kwa muda hakukuondoi, ilimradi kipato hakijavuka asilimia 85 ya kipato cha kati cha jimbo (kile ambacho nusu ya familia ziko chini yake na nusu juu). Hata ukipoteza kazi kabisa, jimbo likitaka kusitisha linatakiwa likupe walau miezi mitatu ya kutafuta nyingine. Toa taarifa tu, usijifiche, na umwambie mlezi wako pia maana yeye ndo huwa wa mwisho kupata habari.

SWALI: Hela ya vocha nayo inalipiwa kodi? – Mgeni wa Kazi

JIBU: Inalipiwa. Kwa unayelea nyumbani kwako umejiajiri, kwa hiyo hakuna anayekukatia njiani, na juu ya kodi ya mapato kuna ile ya waliojiajiri, asilimia 15.3, inapigwa kwenye faida ukishatoa gharama: midoli, chakula, na sehemu ya kodi ya nyumba na umeme kulingana na vyumba na masaa ya kazi. Tunza risiti. Kodi hizo unazilipa kwa awamu, na tarehe mara nyingi ni 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari, na hiyo ya Januari huwa inawakuta watu wametoka kumaliza hela ya sikukuu.