Siku tatu Koh Samui

Dada, umeuliza siku tatu Koh Samui, kisiwa cha Thailand, ufanye nini zaidi ya kulala ufukweni. Siku moja nzima ipe Ang Thong: ni hifadhi ya bahari yenye visiwa 42, boti huondoka asubuhi na kurudi jioni. Panda hadi kileleni Ko Wua Ta Lap, kimojawapo cha visiwa hivyo. Huko juu mawe ni makali, kwa hiyo ndala ziache botini, vaa raba. Sanamu kubwa ya Buddha pale hekalu la Wat Phra Yai, mita 12, iendee asubuhi mapema kabla sakafu haijaanza kuunguza nyayo, maana viatu vinavuliwa. Maporomoko ya Na Muang sawa tu, ila kiangazi maji huchuruzika. Na Novemba usiende! Ndiyo mvua zenyewe, hata kama Phuket, kisiwa cha pwani ya magharibi ya Thailand, kumeanza kukauka.